Hatifungani za serikali: bei, kuponi na kinachobaki mkononi mwa mwekezaji mdogo wa Ombaci

OMBACI, Arua – Katika maduka yaliyopangana kando ya barabara ya Arua kwenda Koboko, fedha inayokaa bila kazi kwa miezi michache ina safari zake zinazojulikana. Hununua ng'ombe, hununua matofali ya nyumba isiyoisha, huingizwa katika kikundi cha kuweka na kukopa, au hugeuzwa dola na kungoja mzigo wa Ariwara au Kaya. Ni wachache wanaofikiria kuikopesha serikali, ingawa mlango huo uko wazi kwa yeyote mwenye shilingi 100,000 za Uganda.

Sababu moja ni kwamba hatifungani huzungumzwa kwa lugha ya mabenki. Nyingine ni ya kihistoria, na haifai kudharauliwa. Watu wa West Nile walioikimbia Uganda kuelekea Zaire na Sudan baada ya kuanguka kwa serikali ya Idi Amin mwaka 1979 waliporudi miaka ya themanini waliikuta shilingi imekwisha nguvu. Kisha mwezi Mei 1987 zikaja noti mpya: shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1, na asilimia 30 ikakatwa papo hapo. Mzee aliyeyapitia hayo akisema kwamba karatasi ya serikali haiaminiki, hasemi kwa ujinga. Ila karatasi hizo hazifanani zote, na hesabu ya hatifungani inaweza kufanywa na mtu yeyote anayejua kupiga hesabu ya duka.

Serikali inakopa kwa njia mbili

Benki Kuu ya Uganda huuza kwa niaba ya serikali dhamana za muda mfupi za Hazina, ambazo ni za siku 91, 182 na 364. Huuza pia hatifungani, ambazo ni mikopo ya kuanzia miaka 2 na kuendelea hadi miaka 20 na zaidi. Uuzaji wa hatifungani kwa mfumo wa mnada unaotumika hadi leo ulianza Januari 2004.

Dhamana ya muda mfupi haina riba inayolipwa njiani. Faida yake imefichwa ndani ya bei. Tuseme mtu ananunua dhamana ya siku 364 yenye thamani ya shilingi 1,000,000 na kuilipia shilingi 870,000. Siku ya kuiva anastahili milioni moja kamili. Faida ni shilingi 130,000. Serikali hukata kodi ya zuio ya asilimia 20 ya faida hiyo, yaani shilingi 26,000, na mwekezaji anabaki na shilingi 104,000. Akigawa 104,000 kwa zile 870,000 alizotoa, anapata karibu asilimia 12. Hiyo ndiyo namba ya kulinganisha na faida ya mzigo wa mchele, na wala si ile 15 iliyotajwa na karani wa benki kabla ya kodi.

Hatifungani huenda kwa namna nyingine. Mwenye hatifungani hulipwa riba mara mbili kwa mwaka, na riba hiyo huitwa kuponi. Kuponi hupangwa siku hatifungani inapotolewa na haibadiliki mpaka mwisho. Mwenye hatifungani ya shilingi 10,000,000 na kuponi ya asilimia 14 hupata shilingi 700,000 kila baada ya miezi sita kabla ya kodi. Siku ya kuiva hupata kuponi ya mwisho pamoja na milioni zake kumi.

Mpaka hapo hakuna kigumu. Ugumu huanza kwenye bei.

Kwa nini kitu cha milioni kumi huuzwa kwa milioni tisa

Wanunuzi wengi wapya hushtuka wakiambiwa kwamba hatifungani ya milioni kumi inapatikana kwa shilingi 9,329,000, au kwamba leo inagharimu shilingi 10,736,000. Wengine hudhani wa kwanza amepata bahati na wa pili ameibiwa. Yote mawili si kweli.

Kuponi imefungwa, lakini soko halijafungwa. Leo wakopeshaji wanaweza kuridhika na asilimia 12 kwa mwaka, na baada ya miezi sita wakadai 16 kwa sababu bei za bidhaa zimepanda au serikali inahitaji fedha nyingi zaidi. Hatifungani ya kuponi 14 haiwezi kujibadilisha iwe ya 16. Kinachobaki kubadilika ni bei. Ikiteremka vya kutosha, anayenunua kwa bei ya chini atapata asilimia 16 ya kile alichotoa. Kiwango hicho anachopata mtu kwa kuhesabu kuponi zote pamoja na tofauti ya bei, akiishika hatifungani mpaka iive, ndicho huitwa mavuno.

Chukua ile ya milioni kumi, kuponi 14, ikiwa imebakiwa na miaka 5. Soko likidai mavuno ya 14, bei yake ni milioni kumi kamili. Likidai 16, bei ni shilingi 9,329,000. Likiridhika na 12, bei ni shilingi 10,736,000. Aliyenunua kwa 9,329,000 atapata kuponi zilezile za 700,000, na mwishoni ataongezewa 671,000 ambazo hakuzilipia. Aliyenunua kwa 10,736,000 atarudishiwa milioni kumi tu. Zile 736,000 alizozidisha hurudi kidogo kidogo ndani ya kuponi zilizo nono kuliko za soko. Kosa linalowapata wengi ni kuzila kuponi zote kama faida, kisha siku ya kuiva kushangaa kwamba mtaji umepungua.

Anayetaka kuona bei hiyo inatoka wapi aulize hivi: shilingi 700,000 za miezi sita ijayo zina thamani gani leo? Kama soko linadai 16 kwa mwaka, yaani 8 kwa nusu mwaka, basi 700,000 hizo zigawe kwa 1.08. Jibu ni kama 648,000. Kuponi inayofuata igawe kwa 1.08 mara mbili, inayofuata mara tatu, na kuendelea mpaka ya kumi. Milioni kumi za mwisho nazo zigawe kwa 1.08 mara kumi. Ukijumlisha yote utapata ile 9,329,000. Simu ya kawaida yenye kikokotoo inatosha. Jioni moja ya kazi hiyo humfundisha mtu zaidi ya vipeperushi vingi.

Kwa hiyo kuna namba tatu ambazo karani anaweza kuzitaja kwa pumzi moja, na mnunuzi anapaswa kuzitenganisha. Kuponi ni 14. Kuponi ya mwaka mzima, 1,400,000, ikigawanywa kwa bei ya 9,329,000 ni kama 15. Mavuno ni 16. Mwenye kulinganisha hatifungani mbili hulinganisha mavuno.

Muda mrefu, mtikisiko mkubwa

Mavuno yakipanda kutoka 14 hadi 16, hatifungani zote za kuponi 14 hushuka bei, lakini hazishuki sawa. Kwa milioni kumi, iliyobakiwa na miaka 2 hushuka hadi shilingi 9,669,000. Ya miaka 5, kama ilivyoonyeshwa, hadi 9,329,000. Ya miaka 15 huanguka hadi 8,874,000. Upande wa pili ni vilevile: mavuno yakishuka hadi 12, ya miaka 15 hupanda hadi shilingi 11,376,000, na mwenye kuiuza wakati huo hucheka.

Uganda ilishuhudia jambo hili kwa ukali mwaka 2011. Mfumuko wa bei ulipita asilimia 30 mwezi Oktoba mwaka huo. Benki Kuu, iliyokuwa imeanza kutumia kiwango chake rasmi cha riba mwezi Julai kwa asilimia 13, ilikipandisha hadi 23 ilipofika Novemba. Mavuno ya dhamana za siku 364 yakavuka asilimia 20. Mtu aliyekuwa na hatifungani ya kuponi 10 iliyobakiwa na miaka mitatu, akalazimika kuiuza wakati soko linadai 20, hesabu inaonyesha kwamba kwa kila milioni kumi angepewa kama shilingi 7,822,000. Yuleyule, kama hakuwa na haja ya fedha, angengoja na kulipwa milioni kumi zake zote. Naye aliyekuwa na fedha mkononi siku hizo za mashaka, akanunua kwa bei hiyo ya kutupwa, alivuna vizuri kwa sababu kufikia Desemba 2012 kiwango cha Benki Kuu kilikuwa kimeteremka hadi 12.

Mfanyabiashara wa mpakani lazima ajiulize yuko upande gani. Fedha ya mzigo, ambayo inaweza kuitwa wakati wowote gari likifika Vurra au Oraba, haifai kufungiwa katika hatifungani ya miaka 15. Inafaa dhamana ya siku 91 au 182. Fedha ya mtoto aliye darasa la kwanza, itakayohitajika atakapoingia chuo, ndiyo inayovumilia mtikisiko.

Kodi inavyopindua hesabu

Kwa hatifungani zenye muda wa chini ya miaka 10, kodi ya zuio ni asilimia 20 ya riba. Kwa zile za miaka 10 na kuendelea ni asilimia 10. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika. Katika kuponi ya 700,000, mwenye hatifungani ya miaka 5 hupokea 560,000, na mwenye ya miaka 10 hupokea 630,000. Kwa mwaka ni shilingi 140,000 zaidi kwa kila milioni kumi, kabla hata ya kuangalia kwamba za muda mrefu kwa kawaida hutoa mavuno makubwa zaidi. Hapa ndipo baadhi ya wawekezaji wadogo huvutwa kununua muda mrefu kuliko uvumilivu wao, halafu ada ya shule ikawadia wakauza kwa hasara inayomeza faida yote ya kodi.

Kuna jingine lisilotajwa mara nyingi. Kodi hukatwa kwenye kuponi nzima. Yule aliyenunua kwa 10,736,000 hulipa kodi hata kwenye ile sehemu ya kuponi ambayo kwa kweli ni mtaji wake unaorudi. Mavuno yake ya 12, akiweka kodi ya asilimia 20, hayawi 9.6 bali kama 9.3. Kwa hiyo kati ya hatifungani mbili zenye mavuno sawa na muda sawa, anayelipa kodi ana sababu ya kukwepa ile yenye kuponi kubwa na bei ya juu.

Kuuza kabla ya kuiva

Hatifungani za Uganda zimeandikishwa katika Soko la Hisa la Uganda, lakini biashara nyingi hupitia kwenye benki. Mwenye kutaka kuuza huenda kwenye benki yake na kuomba bei. Benki hununua kwa bei ya chini na kuuza kwa bei ya juu, kama wabadilishaji wa fedha wa Arua wanavyofanya na dola. Kwa mwenye milioni mbili tatu, tofauti hiyo inaweza kuuma. Kuuliza benki mbili kabla ya kukubali si kosa la adabu.

Bei inayotajwa pia huwa haijajumuisha kuponi iliyokwisha kujikusanya. Ikiwa siku 91 zimepita tangu kuponi ya mwisho ya ile hatifungani ya milioni kumi, muuzaji ameshachuma nusu ya 700,000, na mnunuzi humlipa shilingi 350,000 juu ya bei. Mnunuzi atazipata tena kuponi nzima itakapolipwa. Aulize mapema nani atabeba kodi ya hizo siku 91 ambazo hakuwa mwenye mali.

Si lazima kuuza kila unapobanwa. Hatifungani inaweza kuwekwa rehani benki ili kupata mkopo, na hilo huwafaa wanaohitaji fedha ya wiki chache tu kununua mzigo.

Faida iliyo kwenye karatasi na ile ya sokoni

Mavuno ya asilimia 14 wakati bei za bidhaa zinapanda kwa 4 ni mali. Mavuno hayohayo wakati bei zinapanda kwa 30, kama mwaka 2011, ni umaskini unaolipwa kwa awamu. Kuponi haijui bei ya sukari.

Kwa Arua kuna kipimo cha pili, nacho ni dola. Mwishoni mwa 2014 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,770. Kufikia Septemba 2015 ilikuwa imepita 3,600. Aliyekuwa na milioni kumi mwanzoni alikuwa na dola 3,610. Hata akiongezewa kuponi za mwaka mzima baada ya kodi, shilingi 1,120,000, kwa kiwango cha 3,600 angekuwa na dola 3,089. Mwenye kununua bidhaa kwa dola alirudi nyuma. Mwenye kulipa ada na mishahara kwa shilingi hakuhisi pigo hilo kwa kiasi hicho. Ni vyema kukumbuka kwamba upande wa pili wa mpaka mambo yalikuwa mabaya zaidi: Desemba 2015 Sudan Kusini iliiachia paundi yake, ikatoka karibu 3 kwa dola hadi zaidi ya 18. Waliokuwa wameficha bunda la paundi chini ya godoro hawakuwa na kuponi ya kuwafariji.

Je, serikali inaweza kushindwa kulipa? Husemwa kwamba serikali haishindwi kulipa deni la sarafu yake yenyewe kwa kuwa huweza kuchapa noti. Wananchi wa Ghana wanajua vinginevyo. Desemba 2022 serikali yao ilitangaza mpango wa kubadilisha hatifungani za ndani kwa nyingine zenye riba ndogo na muda mrefu zaidi. Watu binafsi waliachwa nje mwanzoni, kisha wakaingizwa, na wastaafu wakaandamana kwenye Wizara ya Fedha. Uganda haijafanya hivyo tangu minada ilipoanza 2004. Lakini mavuno makubwa yanayotolewa kwa miaka 15 au 20 hayatolewi kwa ukarimu. Ni malipo ya hatari ambayo mnunuzi amekubali kuibeba.

Jinsi ya kuingia, kutokea Arua

Hakuna haja ya kwenda Kampala. Mwekezaji hufungua akaunti ya CSD, yaani daftari la kielektroniki la Benki Kuu linaloonyesha nani ana hatifungani ipi, kupitia benki ya biashara ambako tayari ana akaunti. Kikundi kilichosajiliwa nacho kinaweza kuwa na akaunti yake, jambo linalovifaa vikundi vya akiba ambavyo fedha zao hulala kwenye sanduku lenye kufuli tatu.

Minada ya dhamana za muda mfupi kwa kawaida huwa kila baada ya wiki mbili, na ya hatifungani kila baada ya wiki nne. Anayeomba kati ya shilingi 100,000 na milioni 200 hana haja ya kutaja bei. Anasema anataka za kiasi gani, naye hupewa bei inayotokana na mnada. Wanaoomba zaidi ya hapo, kama mabenki na mifuko ya pensheni, ndio wanaoshindana kwa bei. Ada za benki zinatofautiana, na ada ya 20,000 si kitu kwa mwenye milioni kumi lakini ni msiba kwa mwenye laki moja.

Majirani wana taratibu zao. Kenya ilijaribu kuuza hatifungani kwa simu, M-Akiba, mwaka 2017 kwa kima cha chini cha shilingi 3,000 za Kenya na kuponi ya asilimia 10 isiyo na kodi. Toleo la majaribio lilikwisha haraka, lakini lililofuata lilipata kama robo tu ya bilioni moja iliyotafutwa. Mwaka 2023 Benki Kuu ya Kenya ilianzisha DhowCSD, inayomwezesha mtu kununua kwa simu au kompyuta, na Februari 2024 hatifungani ya miundombinu ya miaka 8 na nusu ikatoka na kuponi ya asilimia 18.46 bila kodi. Tanzania iliwafungulia wakazi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki soko lake la hatifungani mwaka 2014. Anayevutwa na namba za jirani akumbuke kwamba anabeba pia sarafu ya jirani.

Mwenye watoto shuleni anaweza kupanga tarehe. Kila hatifungani ina miezi yake miwili ya kuponi. Anayenunua moja inayolipa Januari na Julai, na nyingine inayolipa Mei na Novemba, hupata fedha mara nne kwa mwaka, na ya Januari hufika kabla shule hazijafunguliwa Februari. Kuponi huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya benki iliyoandikwa siku ya kufungua CSD. Akaunti hiyo ikifungwa au ikilala kwa kutotumika, malipo hukwama mpaka mwenyewe, au warithi wake wakiwa na barua za mahakama za kusimamia mirathi, wafike benki kurekebisha.